Gonga Jiwe, Kisha Andika: Mwongozo wa Kuyajaribu Maisha ya Kale

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Denmark walichukua mashoka halisi ya gumegume kutoka makumbusho, wakayatia mipini mipya na kwenda nayo katika msitu wa Draved, kusini mwa Jutland, kukata miti. Wakata miti waliozoea shoka la chuma waliyashika kama walivyozoea: mkono unakwenda nyuma kabisa, mwili mzima unafuata, pigo linatua zito. Mashoka yakaanza kumeguka. Ikabidi mbinu ibadilishwe. Mapigo yakawa mafupi, ya harakaharaka, yanayotoka kwenye kiwiko, yakilila shina kidogokidogo. Baada ya hapo watu 3 waliweza kufyeka mita za mraba 500 hivi kwa saa 4, na shoka moja likaangusha miti zaidi ya 100 bila kutiwa makali, ingawa aliyelinoa mara ya mwisho alikuwa amekufa miaka kama 4,000 iliyopita.

Ndani ya kabati la kioo, shoka lile lisingeweza kumfundisha mtu namna linavyotaka kushikwa. Lilihitaji mti, jasho na makosa.

Njia hiyo ya kuchunguza ya kale kwa kuyatenda huitwa akiolojia ya majaribio. Mtafiti hutengeneza upya kifaa, nyumba au chakula cha watu wa zamani kwa malighafi na mbinu walizoweza kuwa nazo, hukitumia, kisha hulinganisha alama zinazobaki na zile zinazochimbuliwa ardhini. Haihitaji maabara kubwa. Mwalimu wa historia anaiweza, kikundi cha vijana kinaiweza, hata familia yenye uwanja wa nyuma. Na Afrika Mashariki ina sababu mbili za kuifanya zaidi ya eneo jingine lolote. Kwanza, zana za mawe za zamani kuliko zote zinazojulikana, zenye umri wa miaka milioni 3.3, zimetoka Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, na zilitangazwa mwaka 2015. Pili, bado wapo wanawake wanaofinyanga vyungu bila gurudumu, Wahadzabe wanaopekecha moto karibu na Ziwa Eyasi, na wazee waliosimuliwa na baba zao jinsi chuma kilivyoyeyushwa kijijini. Wazee hao hawatangoji. Anayetaka kuanza aanze mwaka huu.

Swali kwanza, ngozi ya mbuzi baadaye

Vikundi vingi huanza na mavazi. Watu hujifunga ngozi, hushika mikuki, hupigwa picha mbele ya kibanda cha nyasi, na jioni hurudi nyumbani bila kujua jambo lolote ambalo hawakulijua asubuhi. Tamasha la namna hiyo lina raha yake, lakini usiliite jaribio.

Jaribio huanza na swali ambalo jibu lake linaweza kuwa “hapana”. “Watu wa kale waliishije?” ni swali pana mno, halina pa kushikia. “Je, kibanzi cha jiwe la mtoni kinaweza kuchuna mbuzi mzima kabla makali hayajaisha?” hilo linajibika kwa siku moja, na linaweza kukukatalia. Liandike swali lako kabla hujagusa kitu. Chini yake andika unachotarajia kuona, na matokeo gani yatakufanya ukubali kwamba ulidhani vibaya. Ukurasa huo mmoja ndio utakaokuokoa usijidanganye baadaye.

Tazama jinsi Peter Reynolds alivyouliza lake. Tangu mwaka 1972 aliongoza shamba la majaribio la Butser, kusini mwa Uingereza, na mbele yake palikuwa na fumbo la mashimo. Vijiji vya Zama za Chuma vya huko vimejaa mashimo ya kina kirefu yaliyochimbwa kwenye chokaa, na wanaakiolojia walikuwa wakiyaita maghala ya nafaka. Wengine walitilia shaka: nafaka ardhini, katika nchi ya mvua, itakosaje kuoza? Reynolds aliyachimba mashimo kama hayo, akayajaza nafaka, akaziba mdomo kwa udongo wa mfinyanzi, akaacha majira ya baridi yapite. Kilichotokea kinapendeza. Punje zilizogusa kuta zenye unyevu zilianza kuota, zikala oksijeni iliyokuwa ndani na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ikalifanya shimo lote lilale: wadudu na ukungu wakakosa pumzi, na punje zilizobaki, ambazo ni karibu zote, zikatoka salama, nyingine zikiwa bado zinaota zikipandwa.

Wakulima wa Somalia na Sudan, ambao wamehifadhi mtama kwenye mashimo kwa vizazi vingi, wasingeshangaa. Jaribio hilo linarudiwa kwa urahisi kwenye udongo mkavu wa mwinuko: shimo dogo, madebe machache ya mtama au mahindi, tabaka la udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri juu. Pima uzito kabla na baada, na ujaribu kuotesha punje 100 kutoka ukingoni na 100 kutoka katikati. Onyo moja lisipuuzwe. Hewa inayohifadhi nafaka huua mtu. Shimo likifunguliwa liachwe wazi kwa muda mrefu, na mtu yeyote asiinamishe kichwa wala kuingia ndani.

Somo jingine la Butser lilihusu moshi. Waliochora nyumba za duara za kale walizoea kuweka tundu kileleni mwa paa ili moshi utoke. Nyumba zilipojengwa kweli na moto kuwashwa ndani, ilionekana kwamba tundu halihitajiki, na kwamba ni hatari, kwa kuwa linavuta hewa juu na kupandisha cheche kwenye nyasi. Moshi hukaa juu ya vichwa vya watu, kisha hupenya polepole katikati ya nyasi za paa. Mhaya aliyelelewa ndani ya msonge angewaambia hivyo kabla hawajakata nguzo ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kujenga, tafuta aliyewahi kuishi mle unamotaka kujenga, umsikilize hadi mwisho.

Jiwe

Wengi huanzia kwenye jiwe, na inafaa, kwa sababu ni rahisi kupatikana na linafundisha upesi. Lakini pa kulipata pana sheria. Usiokote jiwe kwenye maeneo ya kale kama Isimila, Olorgesailie, Kondoa au Olduvai, hata likionekana la kawaida kabisa. Nchini Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki ya namna hiyo, na nchini Kenya ipo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Jiwe la kale likiondolewa pale lilipolala limekwisha kupoteza nusu ya habari yake, na hakuna wa kuirudisha. Nenda mtoni, au kwenye machimbo ya kokoto. Tafuta jiwe la lava lenye chembe ndogondogo, gumegume, au kwatzi isiyo na nyufa. Ligonge kidogo: likilia kama kengele linafaa, likitoa sauti butu lina ufa ndani. Anayejifunza anaweza pia kuanza na vitako vya chupa nene, vinavyomeguka kwa kanuni zilezile.

Vaa miwani ya kinga kabla ya pigo la kwanza, glavu ya ngozi kwenye mkono unaoshika jiwe, viatu vilivyofunika vidole, na kipande cha ngozi nene juu ya paja. Tandika turubai. Fanya kazi nje, upepo ukikupuliza mgongoni, kwa maana vumbi la mawe ya namna hii lina silika, ileile inayoharibu mapafu ya wachimbaji wa madini. Watoto wakae mbali wakati wa kugonga. Kazi yao ipo, itakuja.

Sasa mkono mmoja ushike jiwe la kugongea: kokoto ya mtoni ya duara, ngumu, inayojaa kiganja. Mkono mwingine ushike jiwe linalomegwa, na utafute ukingo wenye pembe chini ya nyuzi 90. Piga karibu na ukingo, kama sentimita moja kuingia ndani, pigo likishuka na kupita, lisiishie juu ya jiwe. Ukipiga katikati hakuna kitakachotokea zaidi ya kuumia kifundo cha mkono. Ukipiga ukingoni mno utapata unga. Katikati ya makosa hayo mawili kuna pigo linalotoa sauti nyembamba, na kipande kinadondoka upande wa chini. Kiokote kwa uangalifu: kina makali ya kukata kidole.

Kigeuze ukitazame upande wa ndani. Pale pigo lilipoingia kuna uvimbe mdogo, na kutoka hapo mawimbi hafifu yanatawanyika. Alama hizo ndizo humsaidia mwanaakiolojia kutofautisha jiwe lililomegwa na mkono na lililopasuliwa na jua au maporomoko. Mtu aliyezitengeneza mwenyewe huzitambua uwanjani mapema kuliko aliyezisoma.

Kugonga mawe kumewahi kugeuza fikra za wataalamu wenyewe. Kwa miaka mingi jiwe kubwa lililomegwa pembeni ndilo lililoonekana kuwa zana, na vipande vilivyolizunguka vikaonekana kuwa takataka za kazi. Nicholas Toth, aliyefanya kazi Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, alitengeneza upya seti nzima za zana hizo na kuzitumia. Katika makala yake ya mwaka 1985 alieleza kwamba vile vibanzi ndivyo vilivyotafutwa, na kwamba mawe mengi makubwa yalichukua umbo lake kwa sababu tu yalimegwa mara kadhaa kisha yakaachwa. Yeye na mwenzake Kathy Schick waliwahi kukata tembo waliokufa kifo cha kawaida kwa kutumia vibanzi vya mawe. Ngozi ile nene ilikatika.

Huko Olduvai, Peter Jones, aliyefanya kazi na Mary Leakey, aliuliza swali lililofuata: kama kibanzi kinatosha, mashoka ya mkono, yale ya jiwe yasiyo na mpini, yalikuwa ya nini? Alitengeneza mashoka kwa mawe ya eneo lilelile, akakata nayo wanyama, na mwaka 1980 akaandika kwamba kwa kazi nzito na ndefu shoka la mkono linashinda kibanzi kidogo, kwa uzito wake na kwa kuwa linashikika vizuri. Pia aliona kwamba mawe hayalingani: aina ya jiwe huamua makali yataanzaje na yatadumu kwa muda gani. Kwa hiyo andika daima jiwe lako limetoka wapi. Jaribio lililofanywa kwa obsidiani ya Naivasha, ile lava iliyoganda ikawa kama kioo, haliwezi kuwasemea watu waliokuwa na kwatzi peke yake.

Nyama, mifupa na mbwa wa jirani

Baada ya kibanzi, nenda bucha. Omba mguu wa mbuzi wenye ngozi, na mifupa mingine miwili au mitatu yenye nyama. Chuna na kukata kwa jiwe peke yake, ukigawa kazi kwa hatua: ngozi, misuli, maungio. Andika muda wa kila hatua na idadi ya vibanzi vilivyochoka. Utagundua upesi kwamba mafuta hutelezesha vidole kabla makali hayajaisha, jambo ambalo halionekani kwenye mchoro wowote wa kitabu. Mifupa miwili iwekwe juu ya jiwe bapa na kuvunjwa kwa kokoto ili kutoa uboho. Mmoja apewe mbwa, kisha unyang'anywe kwa hekima kabla hajaumaliza.

Chemsha mifupa yote hadi iwe safi, ikauke, kisha uwape wale watoto waliokuwa mbali pamoja na lenzi ya kukuzia. Kata ya jiwe huacha mfereji mwembamba wenye umbo la V, na ndani yake mistari midogo inayokwenda sambamba. Jino huacha mfereji mpana zaidi, wa mviringo chini. Mwaka 1981 watafiti walitangaza alama za kukata kama hizo kwenye mifupa ya kale kutoka Olduvai na Koobi Fora, na uhakika wao ulitokana na kulinganisha na mifupa iliyokatwa kwa makusudi.

Swali la nani alitangulia kwenye mzoga likafuata. Katika miaka ya 1980 Robert Blumenschine alifanya kazi Serengeti na Ngorongoro, akifuatilia mizoga na kuwapa fisi mifupa katika hali mbalimbali. Mifupa iliyokwisha kuvunjwa kwa jiwe na kuondolewa uboho haikuwavutia fisi kwa namna ileile kama mifupa mizima: meno yao yaliacha alama chache zaidi kwenye sehemu za kati. Kwa hiyo mpangilio wa alama unaweza kueleza kama binadamu wa kale alifika wa kwanza au alifika kuokota mabaki ya wanyama wengine. Mabishano juu ya mifupa ya Olduvai hayajaisha hadi leo, na kila upande unaingia uwanjani ukiwa na majaribio yake mkononi.

Shule isiyotaka visu vya mawe wala damu inaweza kuanza na nyayo. Changanya majivu, mchanga na maji kwenye kijia cha mita chache, watu watembee kawaida, kisha watembee wakiwa wamekunja magoti, kisha wakimbie. Pimeni kina cha kisigino na cha vidole. Mwaka 2010 watafiti walifanya jaribio la aina hiyo kwenye mchanga na kulinganisha na nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka zaidi ya milioni 3.6. Nyayo za Laetoli zilifanana na za watu waliotembea wima wakiwa wamenyoosha miguu. Na kuna zile nyayo nyingine za Laetoli zilizopatikana mwaka 1976, ambazo wengine walidhani ni za dubu aliyesimama. Ilibidi watafiti wachukue nyayo za dubu wadogo wanaotembea kwa miguu miwili kwenye matope huko Marekani, walinganishe, na eneo lenyewe lifunuliwe tena mwaka 2019. Mwaka 2021 walitangaza jibu: hazikuwa za dubu, zilikuwa za jamaa wa kale wa binadamu.

Chungu kinachokumbuka

Jaribio la chungu huchukua muda mrefu na halina gharama kubwa. Nunua vyungu viwili au vitatu visivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka kwa mfinyanzi mmoja, siku moja, vya ukubwa mmoja. Wanaoishi karibu na Ziwa Nyasa wana bahati ya kuwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, ambao vyungu vyao vimejulikana pande zote za ziwa. Kama mfinyanzi atakubali, kaa naye tangu anapochimba udongo. Muulize anachanganya nini ili chungu kisipasuke motoni, anajuaje kwamba kimekauka vya kutosha, anapanga vipi kuni au nyasi za kuchomea. Mlipe kwa muda wake kama unavyomlipa fundi yeyote, na jina lake liandikwe kwenye ripoti kama mtaalamu, kwa ridhaa yake.

Kisha kila chungu kipewe chakula kimoja: kimoja mtama, kingine samaki, kingine nyama. Pika mara kwa mara kwa miezi, moto wa kuni, bila kubadilisha. Mwaka 2020 kundi la watafiti likiongozwa na Melanie Miller na Christine Hastorf lilichapisha matokeo ya kazi kama hiyo: wapishi 7 walikuwa wamepika kwenye vyungu vya udongo kwa mwaka mzima, kisha baadhi yao wakabadilisha mlo wa mwisho. Ukoko uliogandamana ndani ulionyesha chakula cha mwisho tu. Mafuta yaliyokuwa yamenyonywa na ukuta wa chungu yalihifadhi historia ya milo ya nyuma. Kwa anayechunguza vigae vya miaka 2,000 hiyo ni habari kubwa, maana chungu kimoja kinaweza kutoa majibu mawili yenye ukweli tofauti. Nyumbani hutakuwa na mashine ya kupima mafuta, lakini unaweza kuchora masizi yalikaa wapi, mikwaruzo ya mwiko imeanzia wapi, na chungu kilipasuka upande gani kilipofika mwisho wake. Vigae vyake ni hazina, visitupwe.

Chuma, na wazee wa Buhaya

Kuyeyusha chuma usikujaribu peke yako. Joto lake, moshi wake na uzito wa kazi vinataka kundi, mhunzi na mtu wa chuo aliyewahi kulifanya. Lakini kila anayeanza majaribio ya aina yoyote anapaswa kujua kilichotokea Buhaya, kwa sababu hakuna mfano bora zaidi wa namna ya kufanya kazi na wenye ujuzi.

Peter Schmidt alikuwa amechimbua mabaki ya tanuru za Zama za Chuma magharibi mwa Ziwa Viktoria, zenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Kuyajua mabaki hakukutosha. Katika miaka ya 1970 aliwaendea wazee wa Kihaya ambao ujanani waliyeyusha chuma na ambao kwa miongo kadhaa hawakuwa wamegusa kazi hiyo, tangu majembe ya kutoka ng'ambo yalipoua soko lao. Wazee wakakubali kuirudia. Shimo likasakafiwa kwa udongo wa kichuguu. Matete ya kinamasi yakachomwa ndani yake hadi yakalijaza kwa makaa yao. Ukuta ukajengwa kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani, mabomba ya udongo yakaingizwa hadi ndani kabisa ya tanuru, na mivukuto ya ngozi ikaanza kuimba. Chuma kikapatikana. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali, walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakidai kwamba hewa iliyopita kwenye mabomba yaliyomo ndani ya moto ilipashwa joto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba ufundi huo ulikuwepo tangu kale. Wataalamu wengine wamelipinga dai hilo la hewa kupashwa joto. Hata hivyo wanaobishana wanabishana juu ya tanuru lililowashwa, lenye vipimo, na hapo mjadala una faida.

Jambo ambalo wageni hupenda kulikata kwenye maelezo ni miiko. Wayeyushaji walijitenga na wake zao, walitumia dawa, na tanuru lilichukuliwa kama mwili wa mwanamke anayezaa. Mtu mwenye haraka angeandika madini na nyuzi joto tu. Lakini chini ya tanuru za kale palikutwa vishimo vidogo, na wanaakiolojia waliojua habari za dawa, Schmidt pamoja na Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliweza mwaka 1997 kueleza vilikuwa vya nini. Kama wangewanyamazisha wazee waliposema ya dawa, vile vishimo vingebaki kuwa vishimo. Andika nyimbo, andika miiko, andika nani alikatazwa kukaribia. Huwezi kujua mapema ni kipi kitakachofungua ardhi.

Daftari

Tarehe, hali ya hewa, jina la kila aliyeshiriki. Jiwe au udongo ulitoka wapi, uzito wake kabla na baada. Muda. Idadi ya mapigo. Picha yenye rula pembeni. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilicholeta tofauti. Kilichoshindikana kiandikwe kwa urefu uleule wa kilichofaulu, kwa kuwa chungu kilichopasuka motoni kinamfundisha mfinyanzi wa kesho zaidi ya sahani ya maonyesho.

Kisha mwombe mtu ambaye hakuwepo ayatazame mabaki bila kuambiwa kitu. Mwaka 1977 Mark Newcomer alitengeneza na kutumia zana za mawe kwa siri, na Lawrence Keeley akazichunguza kwa hadubini. Keeley aliweza kutambua kwenye zana nyingi ni sehemu gani iliyotumika na mkono ulikwendaje. Kutambua kitu kilichokatwa kukamshinda mara nyingi zaidi. Jaribio hilo ndilo lililowapa watu imani, na pia tahadhari, Keeley na Toth walipotangaza mwaka 1981 kwamba kati ya vibanzi 56 vya Koobi Fora, vyenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi, 9 vilikuwa na alama za matumizi: vingine vilikata nyama, vingine mti, vingine nyasi au mimea laini.

Na usidai zaidi ya ulichokiona. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl alivuka kutoka Peru hadi visiwa vya Tuamotu kwa chelezo cha magogo, Kon-Tiki, kwa siku 101. Safari ilithibitisha kwamba chelezo kinaweza kufika. Haikuthibitisha kwamba Wapolinesia walitoka Amerika, na ushahidi wa lugha na wa vinasaba unaonyesha asili yao ni upande wa Asia. Ukichuna mbuzi kwa kibanzi, umeonyesha kwamba inawezekana. Kama watu wa Isimila walifanya hivyo, jibu liko kwenye mifupa na mawe ya Isimila.

Yako majaribio ambayo aliyeyaanza hatayaona yakiisha. Kwenye kilima cha Overton Down, Uingereza, mwaka 1960 watafiti walijenga tuta na mtaro, wakazika ndani yake ngozi, nguo, mifupa na vigae, wakaweka ratiba ya kuchimbua sehemu sehemu hadi mwaka wa 128. Schick naye alitawanya mawe aliyomega mwenyewe kando ya vijito karibu na Ziwa Turkana, akarudi kuona maji yameyapeleka wapi. Shule inaweza kufanya lililo dogo zaidi: vigae, mifupa na vibanzi vilivyohesabiwa, vizikwe pembeni ya uwanja, na kila kidato cha nne kinachoondoka kichimbue robo moja na kuacha ripoti kwa kitakachofuata.

Mabaki mengine yote yasiachwe ovyo. Kibanzi kilichomegwa Jumamosi iliyopita kinaweza kumpotosha mwanaakiolojia atakayepita hapo miaka 50 ijayo. Kusanya turubai lote, uzike vipande kwenye shimo moja lililo mbali na eneo lolote la kale, na ndani yake utie sarafu ya mwaka huu pamoja na kibandiko cha plastiki chenye tarehe. Chora ramani ya shimo hilo, nakala moja ibaki shuleni au kwenye kikundi, nyingine ipelekwe kwa afisa wa mambo ya kale au makumbusho yaliyo karibu nawe.